Kutimiza Kumi Mahali Pengine

Jumanne, 9 Septemba

Mwalimu wetu, Delyth, ametuambia tuandike shajara msimu mzima wa mafunzo, hata siku za upuuzi. Za upuuzi ninazo tele, kwa hiyo karatasi hazitabaki tupu.

Tuko saba katika chumba cha nyuma cha kanisa, chumba chenye harufu ya vitabu vya nyimbo na soksi mbichi. Tunajifunza kuwa watetezi huru wa watoto, wale ambao halmashauri imewatoa kwa wazazi wao na kuwaweka kwa walezi. Mtoto wa namna hiyo ana watu chungu nzima wa kumwamulia. Mtetezi ni mtu wake mmoja, asiyemwamulia chochote, wa kumsemea tu. Mimi nimekata watu nywele hapa kwetu Pentre Isaf miaka thelathini mpaka vidole vikagoma. Nikajisemea, kinywa hakijagoma, kazi hii naiweza.

Delyth mwenyewe alikulia kwa walezi. Ni mkavu, hacheki ovyo. Alitupanga wawili wawili: mmoja aseme anachotaka, mwenzake asimame akirudie mbele ya wote. Mwenzangu alikuwa Gethin, polisi mstaafu mwenye kitambi. Akasema, "Nataka mbwa wangu alale na mimi kitandani, mke wangu alale kwenye kochi." Nikasimama nikatangaza kwamba Gethin angependa mabadiliko katika mpangilio wa malazi nyumbani. Watu hoi kwa kicheko. Delyth akaniangalia tu.

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo maana yake."

"Sijakuuliza maana yake, Nesta. Hapa hatupigi pasi maneno ya mtu."

Nimerudi nyumbani nimenuna.

Jumanne, 16 Septemba

Kanuni za leo. Mtetezi hasomi faili la mtoto. Faili limejaa maneno ya watu wazima, na mtoto atajieleza mwenyewe akitaka. Gethin nusura azimie, maana polisi bila faili ni sawa na mtu asiye na suruali. Kanuni nyingine: hatubebi neno la mtoto kwenda popote bila ruhusa yake, isipokuwa kuna hatari. Na ya tatu, tumwite mtoto jina analotaka kuitwa. Hiyo nimeicheka. Nani atakosea jambo kama hilo?

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepewa mtoto. Delyth alikuwa nami leo, baadaye nitakwenda peke yangu.

Nyumba inaitwa Hafod Las, iko juu kabisa ya bonde, inatazama bwawa. Kiangazi kimelinyonya bwawa hata kile kijiji cha zamani kilichozamishwa enzi za babu zetu kimechomoza. Ukuta wa kanisa lao umesimama kwenye tope, umevaa majani ya maji. Sipendi kuuangalia. Delyth alishikwa na simu ndani ya gari, nikatangulia.

Mlango ulifunguliwa na mlezi, Glenys Probert, mikono imejaa unga. Mama mnene, mashavu mekundu, wa kukumbatia watu. Nyuma yake mumewe, Emrys, mrefu, mnyamavu, kofia mkononi. Nyumba ina joto, keki bapa za zabibu zinakaangwa kwenye chuma. Nilitamani kuhamia mimi.

"Ana miaka tisa, roho yangu," Glenys akaninong'oneza. "Anapenda kuitwa Deryn."

Deryn kwa lugha yetu ni ndege. Ni jina tunalowaita watoto wetu wadogo, kama vile kusema kipenzi. Nikaingia sebuleni na sauti yangu ya saluni: "Deryn! Hujambo, mrembo!"

Alikuwa ameketi karibu na moto, amevaa koti la mvua la manjano humo humo ndani. Koti kuukuu, linanuka kafuri. Nywele zake zina rangi ya shaba, zimesukwa mikia miwili. Nikaona papo hapo kwamba ni rangi ya kutiwa, ya chupa ya dukani, na nikaisifu. "Nani kakutia rangi hii? Kazi safi, mwanangu!"

Aliniangalia kwa muda mrefu, halafu akaangalia moto.

"Alitaka mwenyewe," Glenys akasema.

Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kuna mistari ya penseli, urefu wa mtoto mwaka hadi mwaka. Glenys alimsimamisha nionyeshwe. Kichwa chake kiligusa mstari wa mwisho sawasawa, utafikiri ulichorwa kwa ajili yake. "Umeona?" Glenys akasema, macho yanang'aa. "Pale pale."

Njiani kurudi Delyth akaniuliza, "Hilo jina la Deryn, ni yeye aliyekuambia?"

"Ndiyo," nikasema. Lilinitoka tu. Si ni sawa na kusema yeye? Kila mtu nyumba nzima anamwita hivyo.

Alhamisi, 25 Septemba

Peke yangu na mtoto, chumbani kwake. Nikamweleza kazi yangu: akitaka jambo, mimi nitalisema kwa wanaoamua, wapende wasipende.

"Vile vile?" akauliza. Sauti yake ndogo, kavu.

"Vile vile."

Akafikiri. Akanishika mkono akaubonyeza kwenye godoro. Lina shimo katikati, si la mtu mzima. Ni shimo la mtu mdogo aliyelala ubavu, magoti yamekunjwa.

"Nikilala naingia ndani yake," akasema. "Hata nikijisogeza ukutani, asubuhi nakuta niko ndani. Nataka godoro ambalo hajalala mtu."

Nikasema nitalifikisha. Chini, Glenys akanifungia keki za kwenda nazo. Mama huyu ni malaika.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimemwandikia Rhodri, afisa ustawi wa mtoto. Ni kijana mwema, wa tatu mwaka huu, ana watoto wengi kuliko mwalimu wa shule. Nimeandika kwamba mtoto angependa kushirikishwa katika kuchagua vifaa vya chumba chake. Imekaa vizuri. Mtu akisoma habari ya kuingia ndani ya shimo atafikiri mtoto ana wazimu.

Jumanne, 30 Septemba

Delyth ameiona barua. "Alisema hivyo?" Swali lile lile, kama kanda iliyokwama. Imeshatumwa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Wamemshirikisha. Glenys amempeleka dukani, wakachagua mashuka mapya yenye ndege. Godoro ni lile lile.

Mtoto alikaa sakafuni akanitazama. "Ulisema vile nilivyosema?"

Nilitaka kumweleza habari ya lugha ya ofisini. Nikashindwa. "Hapana," nikasema. "Nimekosa. Nisamehe."

Hakunitukana. Hakulia. Alichukua kalamu zake za rangi akaanza kuchora, na kwangu akafunga duka. Nimejisikia vibaya mpaka sasa hivi ninavyoandika.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Saa nzima mtoto hakusema kitu, alichora. Bwawa la buluu, chini yake nyumba zenye madirisha ya njano, na katikati ya nyumba msichana wa koti la manjano amesimama wima, nywele zake zinaelea juu.

"Ni wewe?"

Akatikisa kichwa kukataa. Nikiwa mlangoni akasema bila kugeuka, "Sisi hatupendi maji."

Nimetafuta hilo "sisi" ni nani hadi nimefika nyumbani. Nilipomwambia Gethin kwenye simu akasema labda amekuwa malkia, maana wao ndio hujiita "sisi".

Jumanne, 14 Oktoba

Delyth amemfanya Gethin alie darasani kwa kumrudishia maneno yake ya mbwa na mkewe, taratibu, mara nyingi. Kumbe mkewe alikufa Machi. Polisi mzima, machozi kifuani. Hakuna aliyejua, na sisi tulikuwa tumeangua kicheko.

Alhamisi, 16 Oktoba

Rhodri alikuwepo. Mtoto akiwa dirishani, kijana akaita, "Tegan! Njoo unisalimie!" Mtoto hakusikia hata kidogo. Si kule kupuuza ninakokujua kwa watoto. Shingo haikucheza. Akaita tena, kimya. Glenys akasema polepole, "Deryn," na kichwa kikageuka palepale.

Rhodri akacheka. "Amezama kabisa kwenye hili jina la nyumbani. Ni dalili nzuri, ametulia." Akaandika kwamba ametulia.

Kwa hiyo jina lake ni Tegan. Wiki zote hizi sikulijua. Nikajiambia ndivyo kanuni zinavyotaka, hatusomi faili. Lakini keki ya Glenys nilishindwa kuimaliza.

Nywele zake zinaota kahawia kwenye utosi. Glenys anasema siku hizi mtoto hakubali kutiwa rangi, anajifungia chooni.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimeona jambo leo na sijui niliweke wapi.

Glenys alikuwa akimpima tena kwenye mwimo. Watoto hukua, ndiyo kazi yao, na huyu ameupita mstari wa mwisho kwa upana wa kidole. Glenys hakufurahi. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto akakandamiza kidogo, kwa upole, kama anayefunika chungu.

"Usinyooke sana, Deryn," akasema. "Hivyo. Sasa uko sawa."

Mtoto akakunja magoti kidogo ndani ya gauni, akatulia. Inaonekana amezoea. Emrys alikuwa anatazama kutoka kwenye veranda. Macho yetu yalipokutana akavaa kofia akaingia mvuani, bila kazi yoyote ya kufanya huko nje.

Nikaangalia ile mistari vizuri kwa mara ya kwanza. Penseli yake imefifia kwa miaka. Nilikuwa nimedhani ni ya watoto waliowahi kulelewa pale. Ni mtoto mmoja, mwaka hadi mwaka. Mbele ya mstari wa mwisho pameandikwa tisa. Juu yake mbao tupu.

Jumatatu, 3 Novemba

Nilikutana na bibi Olwen sokoni, mteja wangu wa zamani, nywele za wimbi kila Ijumaa. Akaniuliza nashughulika na nini siku hizi. Sikutaja nyumba wala walezi. Nikasema tu nawatembelea watoto, wengine wana vijina vizuri, kama Deryn.

Bibi akaacha kuchagua viazi. "Lo! Sijalisikia hilo jina miaka. Kulikuwa na katoto ka akina Probert kule juu kakiitwa Deryn. Jina lake la kanisani lilikuwa Elizabeth, lakini hakuna aliyelitumia. Kalizama bwawani Desemba moja, maskini, kabla tu ya kutimiza kumi. Kalikuwa na nywele hizo, rangi ya shaba. Na koti la manjano. Hilo koti ndilo lililowaonyesha mahali pa kutafuta."

Nikaacha kapu langu pale pale sokoni.

Ndiyo maana halmashauri haikung'amua: kwao aliyekufa ni Elizabeth. Na mimi je? Rangi ya nywele niliiona, nikaisifu. Koti nililinusa. Nilifundishwa kumwita mtoto jina analotaka, na sikumuuliza mtoto. Nilimuuliza mama mwenye unga mikononi. Kisha Delyth aliponiuliza, nikasema ndiyo. Nina hasira na nafsi yangu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemwambia Delyth yote, pamoja na ule uongo wa kwenye gari. Kisha akasema, "Walezi wangu wa tatu waliniita Susan. Walikuwa na mbwa wa jina hilo aliyekufa." Sikujua nicheke au nilie.

"Niende kwa Rhodri sasa hivi?"

"Unakwenda na maneno ya nani? Ya bibi wa viazi? Nenda kwa mtoto kwanza, kamuulize ulichotakiwa kumuuliza siku ya kwanza. Kama kuna hatari, nipigie ukiwa huko huko."

Alhamisi, 6 Novemba

Ukungu umekaa bonde zima. Maji yamepanda, ukuta wa kanisa la chini umebaki ncha tu.

Nikakaa sakafuni na mtoto chumbani kwake, mbali na lile godoro. "Nimefanya kosa kubwa kuliko lile la mashuka," nikamwambia. "Sikukuuliza. Wewe unataka nikuite nani?"

Kalamu ikasimama. Akaangalia mlango, akaangalia kitanda. Halafu akanisogelea mpaka pumzi yake ikanigusa sikio.

"Tegan. Lakini usiseme kwa sauti, atasikia."

"Glenys?"

"Deryn."

Mimi si mtu wa mambo ya mizuka, lakini niligeuka nikaangalia kitanda. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini sasa, kama Deryn humfanyia ubaya.

"Hapana. Anasikitika tu. Anauliza kumi kukoje. Namwambia sijui, sijafika." Akavuta nyuzi za soksi. "Siku ya kwanza ulikuwa mchezo. Glenys alisema nikubali kuitwa Deryn kwa siku moja, na kulikuwa na keki, nikakubali. Kesho yake haukuisha."

"Na rangi ya nywele?"

"Ulisema ni kazi safi."

Akaendelea mwenyewe, sasa maneno yanamtoka kwa kasi. Siku yake ya kuzaliwa ni tarehe kumi na nne Desemba. Glenys amemwambia mwaka huu watafanya tisa tena, kwa sababu tisa ni umri mzuri. Mishumaa tisa imeshanunuliwa. Usiku mmoja Emrys na Glenys waligombana juu ya hiyo mishumaa na Emrys akalala zizini.

"Deryn hakufika kumi," Tegan akasema. "Mimi nikibaki humu sitafika. Nitabaki tu, kama yeye. Nilijaribu kulikumbuka jina la mama yangu juzi, nikapata la Glenys."

"Niseme nini, Tegan? Na niseme kwa nani?"

Akafumba macho akayapanga maneno yake, taratibu, kama mtu anayetandika vitu mezani. Kisha akayasema. Nikayarudia. Alinisahihisha mahali pawili. Nikayarudia tena mpaka akatosheka. Ameniruhusu kumwambia Delyth, na Rhodri, na kila mtu kwenye kikao cha mapitio tarehe ishirini na saba.

Nilipokuwa navaa viatu Glenys akanipa keki. "Mmeongea vizuri na Deryn wangu?" Macho yake yalikuwa mekundu na yenye upendo, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Hakuna mtu mbaya ndani ya nyumba ile wa kumchukia.

Ijumaa, 7 Novemba

Rhodri amesikia. Uso ulimwishia damu. Amepanda Hafod Las leo hii hii, amewaambia habari ya mishumaa isitajwe tena, na atapita kila siku ya pili. Anatafuta nyumba nyingine lakini uamuzi ni wa kikao.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemsomea Delyth maneno ya Tegan. Nikasema ile sentensi ya mwisho tuiondoe, inaharibu kesi, watu watafikiri mtoto anapenda kubaki.

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Basi."

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua. Tegan anajifunza kuandika jina lake upya. Anakosea herufi ya kwanza kila mara.

Alhamisi, 20 Novemba

Hili simwandikii Delyth.

Nilitoka Hafod Las saa tisa alasiri, ukungu mzito, gari linakwenda mwendo wa kobe. Kwenye kona ya bwawa nikaona koti la manjano. Mtoto amesimama ukingoni, mgongo kwangu, maji yanagusa viatu. Nikasimamisha gari katikati ya barabara, nikashuka nikikimbia na hivi viatu vyangu vya mjini.

"Tegan!" nikaita. "Tegan, rudi nyuma!"

Hakusogea. Nikaita tena mpaka koo likauma. Shingo haikucheza, kama siku ile dirishani. Basi nikaita lile jingine, kwa hofu tu, Mungu anisamehe.

"Deryn!"

Akageuka.

Sikuuona uso. Ukungu ulipita kati yetu, na ulipopita ukingo ulikuwa mtupu, tope halina hata alama. Nikapiga simu Hafod Las. Emrys akapokea. Mtoto yuko mezani, akasema, anakula supu ya kondoo, amekuwa hapo tangu nilipotoka. "Na koti?" nikauliza. Nikasikia viatu vyake vikienda mlangoni. "Limetundikwa hapa," akasema mwishowe. "Linachuruzika maji. Sijui kwa nini."

Nimekaa na taa zote zimewashwa, mwanamke wa miaka hamsini na sita.

Alhamisi, 27 Novemba

Kikao kilikuwa shuleni kwake, kwenye darasa la watoto wadogo. Watu wazima wote tumekalia viti vya kufika magotini: mwenyekiti, ambaye ni mama mwenye miwani asiye wa ofisi ya Rhodri, kisha Rhodri mwenyewe, mwalimu wa darasa, Glenys na Emrys, Delyth nyuma yangu. Tegan alichagua kuja lakini asiseme. Alishika mkono wa sweta yangu.

Kwanza wakasoma taarifa. Anakula vizuri. Amevaa vizuri. Ametulia. Glenys alikuwa akitabasamu na kulia kwa pamoja, leso imeshaloa. Mwenyekiti akanigeukia. "Mtetezi, una la kusema?"

"Mimi sina," nikasema. "Haya ni ya kwake."

Nilikuwa na mengi, jamani. Nilikuwa na mwimo wa mlango, na kiganja juu ya kichwa, na koti. Yalikuwa yamenijaa mdomoni kama maji ya moto. Nikayameza. Nikasimama nikasema aliyoyasema, kwa mpango aliousema:

"Jina langu ni Tegan. Deryn ni mtoto wa Glenys aliyekufa. Nalala kwenye shimo lake na sitaki. Nataka kutimiza kumi mahali pengine. Keki za Glenys ni tamu."

Nikakaa. Redieta ya ukutani, ya kupasha chumba joto, ilikuwa inagonga. Rhodri alikuwa anaangalia meza ya watoto yenye rangi zilizomwagika. Nikafikiri, sasa Glenys atapiga kelele, atasema mtoto mwongo, mimi mchochezi.

Glenys alikuwa anamwangalia mtoto. "Tamu?" akauliza.

Tegan akatikisa kichwa kukubali.

"Deryn hakuzipenda," Glenys akasema. Alisema polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Alikuwa hali zabibu. Alikuwa akizitoa moja moja akazipanga pembeni mwa sahani. Nikimgombeza, ananicheka." Leso ikamwanguka. "Huyu anazila zote. Emrys, huyu anazila zote."

"Najua, mke wangu," Emrys akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza." Akamshika mkono. Yule mzee mnyamavu alikuwa analia waziwazi mbele ya watu. "Nilikuona unacheka. Sikuwa nimekuona ukicheka miaka yote ile. Nikanyamaza. Aibu ni yangu, si yako."

Nilikwenda pale nikiwa na hasira na Glenys, na nimerudi bila. Hasira kidogo niliyombakizia Emrys nayo sina hakika kama bado ninayo. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu. Alivua miwani, akainama hadi usawa wa mtoto, akamuuliza angependa kuhama lini.

Tegan akaninong'oneza, nami nikalisema: "Leo, kabla hajajua kwamba nahama."

Hakuna aliyeuliza nani.

Jumanne, 2 Desemba

Tegan yuko kwa mlezi mpya, mama Mererid, mjini, nyumba ya kelele, televisheni mbili, harufu ya chipsi, paka mnene ngazini. Godoro lilikuja likiwa bado na nailoni. Darasani leo tumemaliza. Gethin amepewa mtoto wake wa kwanza, anatetemeka kama bwana harusi. Delyth alinishika bega akasema, "Sasa unasikia." Kwake hiyo ni karamu.

Jumapili, 14 Desemba

Nilialikwa. Keki, mishumaa kumi, Tegan akaipuliza yote kwa pumzi moja huku akiukodolea macho mlango. Hakuna aliyeingia. Akatoa pumzi nyingine, ndefu kuliko ya kwanza, akaomba kipande kikubwa.

Baadaye akanivuta bafuni mbele ya kioo. Kahawia yake imeshuka upana wa vidole viwili, chini yake bado shaba ya chupa.

"Wewe si unakata nywele?"

"Nilikuwa nakata. Vidole vimegoma. Na watetezi haturuhusiwi kufanya mambo ya—" Nikajisikia ninavyopiga pasi. Nikanyamaza, nikaanza upya. "Unataka nini, Tegan?"

Akaweka kidole kwenye utosi, akakishusha taratibu mpaka mahali rangi zinapokutana. "Kata mpaka hapa. Mpaka pale mimi ninapoanzia."

Nikamwomba ruhusa mama Mererid, nikampigia Delyth. "Amesema nini hasa?" Nikamwambia neno kwa neno. "Basi tafuta mkasi unaokata," akasema.

Nikamkata. Vidole viliuma, na mstari wa nyuma haukunyooka, wateja wangu wangenishitaki. Shaba ikaanguka sakafuni na chini yake akatokea mtoto wa nywele fupi za kahawia, masikio makubwa, ambaye sikuwahi kumwona. Alijigusa kichwa. Alijiangalia muda mrefu, kisha akautoa ulimi.

Alizifagia mwenyewe zile nywele, akazitia kwenye mfuko, akanipa. "Si zangu. Mrudishie."

"Glenys?"

Akatikisa kichwa, hapana.

Nilipofika ngazini nikageuka nikaita, kwa sauti, nyumba nzima isikie: "Tegan!" Akageuka kabla sijamaliza.

Mfuko uko ndani ya gari. Humu ndani sikuuingiza. Kesho asubuhi nitapita bwawani. Nitasimama kwenye ile kona, niuache mfuko ukingoni, nimwite Deryn mara moja kwa jina lake, na safari hii hakuna mtoto mwingine atakayeitika.